Shukrani kwa dada wa mtego, Gikomba

Dada uliyekuja na mtego wa paka nyuma ya vibanda vya samaki katika soko la Gikomba, Nairobi, jina hukuacha, basi asante ikufikie hapa.

Paka jike alikuwa amezalia mtaroni, watoto wanne, na mvua ya masika ilikuwa karibu. Kila aliyejaribu kumshika kwa mikono aliparuzwa.

Wewe uliwaomba wauzaji wasimtupie matumbo ya samaki tangu jioni, maana paka aliyeshiba haingii mtegoni. Alfajiri ukatandika gazeti ndani, nyaya zisimuumize nyayo, ukaweka omena kijiko kimoja nyuma kabisa ya kibao cha kukanyaga. Angewekewa mbele, angekula na kutoka bila mlango kufunga. Watoto ukawatia kikapuni nyuma ya mtego ili mama awasikie. Mlango ulipoanguka tu, ukaufunika mtego wote kwa leso. Paka aliyekuwa akijigonga pua kwenye nyaya akanyamaza. Hapo ndipo wengi hukosea, husimama kumtazama.

Na subira yako! Ulimtunza wiki nane mpaka watoto wakaacha kunyonya, ndipo ukampeleka kufungwa kizazi. Walioleta maziwa ya ng'ombe uliwaeleza kwa upole kwamba huwaharisha watoto wa paka. Watoto wamepata nyumba, wawili wawili. Mama yuko sokoni, ncha ya sikio imekatwa, alama kwamba hazai tena.

Wenye vibanda, mkiona jike mwenye mimba msimfukuze. Mlisheni mahali pamoja, saa ileile kila siku, ili mtego ukija ajulikane atapatikana wapi.