Visa vitatu vya Mario Bava

Kwako shoga yangu Zuhura,

Salamu zako nimezipata, nami ni mzima, alhamdulillahi. Umeniuliza kwa nini bado nazipenda sinema za Kiitaliano za kutisha zilizotoka kabla hatujazaliwa, hasa zile zenye visa kadhaa ndani ya filamu moja. Jibu langu ni moja tu: I tre volti della paura ya mwongozaji Mario Bava, ya mwaka 1963, yenye visa vitatu: cha simu, cha Wurdalak na cha tone la maji. Wengi wanaijua kwa jina la Black Sabbath, lile ambalo bendi ya Uingereza ililichukua baadaye.

Kisa cha simu nakiona cha kawaida. Kinachoninyima usingizi ni cha tone la maji. Muuguzi anaitwa usiku kumvisha nguo maiti ya mama aliyekuwa akiita roho za wafu. Anaiona pete kidoleni, anaivua. Bilauri inapinduka, maji yanadondoka to, to, to, na nzi anatua kwenye kile kidole. Anarudi kwake, kumbe nzi na matone vimemfuata. Anafunga bomba, sauti inahamia kwingine. Taa ya nje inawaka na kuzimika, chumba kinageuka kijani kisha kinarudi gizani. Na ule uso wa maiti, shoga! Ni sanamu, kazi ya Eugenio, baba yake Bava, aliyekuwa mchongaji. Unaona kabisa kwamba si mtu, na bado huwezi kuuangalia.

Kisa kifupi hakina nafasi ya kueleza mambo. Filamu ndefu mwishowe lazima itueleze mzimu ulitoka wapi na unataka nini. Hapa pete inaibwa, hesabu inadaiwa, basi.

Kile cha Wurdalak kinaumiza kwa namna nyingine. Mwigizaji Boris Karloff ni baba aliyewaonya wanawe wasimpokee akichelewa zaidi ya siku tano, naye anafika saa ileile muda unapokwisha. Wurdalak ni wafu wanaonyonya damu ya wale waliowapenda kuliko wote. Mjukuu aliyekwisha kuzikwa anarudi usiku, analia mlangoni kwamba anasikia baridi, anamwita mama. Mama gani asingefungua?

Ila itafute ya Kiitaliano. Wasambazaji wa Marekani walipangua visa, wakabadilisha muziki, wakaharibu kile cha simu, tena wakakata mwisho. Katika mwisho ule Karloff yuko juu ya farasi anakimbia msituni, kisha kamera inarudi nyuma: farasi ni wa bandia, na mafundi wanamzunguka mbio wakiwa na matawi mikononi. Bava anakuonyesha kila kitu kilivyotengenezwa, nami usiku huohuo nilikwenda kukaza bomba la jikoni.

Ukishaitazama niandikie upesi, nataka kujua kama wewe ungemfungulia yule mtoto. Nisalimie mama na wadogo zako.

Wako akupendaye,
Mwanaisha