Ayn Rand hakuwa wakili wa wapiga dili

Mhariri,

Makala mliyochapa Jumamosi imemfanya Ayn Rand, yule mwandishi wa riwaya wa Marekani aliyetetea ubepari na ubinafsi, kungwi wa mafisadi wote, mwanamke aliyewafundisha Wamarekani kula bila kunawa. Mimi si mfuasi wake, lakini mtu akishitakiwa ashitakiwe kwa kosa lake.

Nimefanya kazi ya ufamasia hadi kustaafu, na kilichonivuta kwake si falsafa, ni duka la baba yake. Zinovy Rosenbaum alikuwa mfamasia mjini St. Petersburg, Myahudi katika Urusi ya Tsar, nchi iliyowawekea Wayahudi mgawo hata wa kuingia chuo kikuu. Mwaka 1918 askari wa Kibolsheviki, yaani wakomunisti waliotwaa nchi, walifika dukani na bunduki, wakapiga mhuri: duka sasa ni mali ya umma. Aliyejua kuendesha duka la dawa anaelewa kilichofungiwa mle ndani. Si chupa na mizani tu. Ni daftari la wanaodaiwa, ni wateja waliozoea kumwamini mtu mmoja na vipimo vyake. Mzee alikataa kuitumikia serikali mpya. Familia ikakimbilia Krimea, ikarudi, ikakuta njaa. Binti yake mkubwa, Alisa, aliyeyaona hayo akiwa bado mtoto, alimaliza chuo kikuu mwaka 1924, na mwaka 1926 akaondoka kwa viza ya kwenda kuwatembelea ndugu wa mama yake Chicago. Hakurudi tena. Huyo ndiye Ayn Rand.

Sisi wa rika langu tuliimbishwa kwamba ubepari ni unyama, kwa hiyo nakiri kwamba kumsoma kulinisumbua tumbo. Lakini riwaya yake ya kwanza, We the Living ya mwaka 1936, imejaa foleni za mkate na vyeti vya kuthibitisha kwamba wewe si mtoto wa tajiri. Mtu aliyepita humo akisikia "kwa manufaa ya umma" hutazama kwanza nani ameshika bunduki.

Sasa hao mafisadi. Mwandishi wenu ameifungua kweli riwaya yake kubwa, Atlas Shrugged? Ni ndefu, inapita kurasa 1,000, na mle kuna hotuba moja ambayo ukiianza baada ya chakula cha mchana, adhana ya alasiri itakukuta hujaimaliza. Lakini tazama waovu wake ni akina nani. James Taggart ni rais wa kampuni ya reli, hajui reli, anajua watu wa Washington. Orren Boyle anafua chuma kwa mikopo ya serikali, na akishindwa sokoni anatafuta sheria ya kumfunga mikono mshindani. Wote wawili ni matajiri, na wote wawili mdomoni mwao hamkauki maneno ya kuhudumia wananchi. Hao tunawajua, ndio wanaopata tenda kwa kujuana. Bibi huyu aliwachukia kuliko alivyomchukia mwombaji wa barabarani. Ubinafsi aliouhubiri ulikuwa na masharti: usijitoe kafara kwa ajili ya mwingine, na usimtoe mwingine kafara kwa ajili yako. Vijana wanaobandika picha yake huku wakipokea asilimia kumi chini ya meza wamebeba sharti la kwanza wakaliacha la pili.

Makala pia imemcheka kwamba yeye, mpinzani wa misaada ya serikali, alipokea pensheni ya serikali uzeeni, baada ya kupasuliwa saratani ya mapafu mwaka 1974. (Sigara hizo! Ndani ya riwaya yake mashujaa wanavuta sigara zenye alama ya dola. Mfamasia hawezi kuliacha hilo lipite kimya.) Lakini tangu mwaka 1966 alikuwa ameandika wazi kwamba anayepinga makato ya serikali ya namna hiyo ana haki ya kudai alichokatwa kwa lazima. Unaweza kuikataa hoja hiyo. Huwezi kusema aliificha.

Pa kumshika ni mahali pengine. Mwishoni mwa Atlas Shrugged yupo Eddie Willers, msaidizi mwaminifu wa reli, si bingwa wa chochote, mchapakazi tu. Treni inamharibikia jangwani, na mashujaa, waliogoma kuutumikia ulimwengu, wamejificha salama bondeni kwao. Hakuna anayekuja kumchukua. Mimi nimefanya kazi na akina Eddie miaka yote, wale wanaofungua duka asubuhi na kuhesabu vidonge, na siwezi kuikubali falsafa isiyokuwa na nafasi ya kuwarudia.

Na nyuma ya kitabu hicho hicho, katika maelezo juu yake mwenyewe, aliandika kwamba hakuna aliyemsaidia, wala hakufikiri ilikuwa wajibu wa yeyote kumsaidia. Hakuna? Mama yake aliuza vito apate nauli ya meli. Wale ndugu wa Chicago, ambao mmoja wao alikuwa na jumba la sinema, walimlaza, wakamlisha kwa miezi, wakampa fedha za kwenda Hollywood kutafuta kazi. Kwa mtu aliyeamini kila deni lilipwe hadi senti ya mwisho, hilo ndilo swali ningependa mwandishi wenu amwulize.

Mfamasia mstaafu,
Ngamiani, Tanga