Nyumba ya wageni Tanga haiendeshwi kwa simu

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ukurasa wenu wa biashara ulitoa ushauri kwa mtu mwenye akiba: ajenge au anunue nyumba ndogo mkoani, aitie fenicha, aipangishe kwa siku, kisha akae zake Dar es Salaam au Muscat asubiri muamala kwenye simu. Tanga ilitajwa kwa jina. Niliusoma mara ya kwanza nyumbani. Mara ya pili nilikuwa nimesimama kwenye jiko la watu, ndoo iko miguuni, namngoja fundi wa pampu. Naomba nafasi nijibu, maana kazi hiyo naifanya tangu 2018.

Ni mkazi wa Chumbageni, mama wa watoto watatu, muuguzi mstaafu. Natunza nyumba nne za kupangisha kwa siku. Moja ni yangu, ya vyumba viwili, aliyoniachia marehemu mume wangu. Tatu ni za watu wasioishi hapa, nao hunilipa asilimia 20 ya kila usiku uliolipiwa. Nasema mapema ili msomaji ajue riziki yangu inatoka wapi. Biashara hii imenisomeshea watoto wawili, siipigi vita hata kidogo. Ninachokipinga ni hilo la kusubiri muamala.

Kwanza tukumbushane ilivyoanza. Tarehe 5 Agosti 2017 liliwekwa jiwe la msingi Chongoleani, ng'ambo tu ya ghuba yetu, la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443. Bandari nayo ikachimbwa kina, gati zikajengwa upya. Wakaanza kuja wahandisi, wachomeleaji, wapima ardhi, watu wa kukaa wiki tatu au miezi miwili, ambao hawataki chumba cha hoteli. Wanataka jiko, friji, mahali pa kufulia na meza ya kuwekea kompyuta. Ukiongeza wanaopita kwenda Pangani au Lushoto, wanaotaka kuona mapango ya Amboni na magofu ya Tongoni, na familia zinazokuja harusini, wageni wapo kweli. Wenye nyumba wa Raskazone, Sahare na hata Ngamiani wakaona, wakapaka rangi, wakanunua makochi. Nami nikawa mmoja wao.

Sasa hesabu, maana makala yenu iliandika bei ya usiku mmoja ikazidisha kwa siku 30. Nachukua nyumba mojawapo ninayoitunza, vyumba viwili, viyoyozi viwili, shilingi 65,000 kwa usiku. Mwaka jana ililaliwa usiku 141. Desemba peke yake usiku 24, Mei usiku 5. Daftari ninalo. Jumla iliingiza shilingi 9,165,000, na mwenyewe aliyeko Dar alifurahi sana kusikia milioni tisa.

Nikamwomba atulie nimsomee yaliyotoka. Dada wa usafi, shilingi 10,000 kila mgeni anapoondoka, wageni 47: 470,000. Umeme 1,100,000. Intaneti 50,000 kwa mwezi, mgeni awepo asiwepo: 600,000. Tovuti ya kutafutia nyumba, iliyoleta karibu nusu ya wageni, ilikata asilimia 15, karibu 690,000. Gesi, sabuni, karatasi za chooni na maji ya kunywa, 400,000. Fundi wa AC, 180,000. Mashuka, taulo, birika mbili, godoro moja na kioo cha bafuni, 800,000. Mimi nikachukua changu, 1,833,000. Kilichobaki ni milioni tatu na elfu tisini na kidogo, na hapo hajafikiwa mtu wa mapato wala wa halmashauri. Nyumba hiyohiyo, tupu bila hata kijiko, kabla ya hapo ilipangishwa 300,000 kwa mwezi, yaani 3,600,000 kwa mwaka, na mpangaji alikuwa analipa umeme wa LUKU mwenyewe. Fenicha ziligharimu milioni tisa.

Nilikaa nikapiga upya. Ili nyumba ile imzidie kodi ya zamani na kurudisha pesa ya fenicha ndani ya miaka mitano, inatakiwa ilaliwe usiku karibu 210 kwa mwaka. Yangu ya Chumbageni inafika, kwa sababu iko karibu na bandari na wageni wa kampuni hurudi. Ile haijafika hata mara moja. Hili ndilo nililotamani kuliona kwenye makala yenu: usiku mtupu ni gharama, uandikwe kwenye hesabu kama unavyoandikwa umeme.

Na kuhusu umeme wenyewe, uniti moja kwa mteja wa kawaida inafika shilingi 356 pamoja na kodi zake. Mgeni akiacha AC mbili kwenye nyuzi 16 tangu asubuhi, akaenda Ushongo kuogelea akarudi magharibi, siku hiyo imekula elfu kumi na zaidi. Siwezi kumgombeza, amelipia starehe. Ninachofanya ni kumpokea mwenyewe mlangoni, nikamwonyesha rimoti, nikamwambia chumba kinapoa kwa dakika kumi na tano akirudi. Tangu nianze kusema hayo kwa mdomo, bili imeshuka. Karatasi ya maelekezo niliyobandika ukutani miaka miwili haikushusha kitu.

Hewa ya Tanga ina chumvi. Mtu wa Dodoma anayenunua nyumba Raskazone hajui kwamba mashine ya nje ya AC itaanza kula kutu kabla mwaka haujaisha isipooshwa kwa maji yasiyo na chumvi, na kwamba bawaba za kabati za bei rahisi zitakatika. Masika ndiyo mtihani mkubwa. Machi hadi Mei nguo hazikauki. Watu hushauriana kuwa na mashuka jozi tatu kwa kila kitanda, moja kitandani, moja kwa dobi, moja kabatini. Hapa weka nne. Nyumba ikifungwa wiki mbili Aprili bila kufunguliwa madirisha, godoro linanuka ukungu, na mgeni wa kwanza kuingia ataandika hivyo mtandaoni, na maneno yake yatasomwa na kila atakayetaka kuja baada yake. Kwa hiyo nyumba tupu nayo ina kazi. Kila siku ya tatu naenda kufungua madirisha, kuwasha feni, kufungulia mabomba yasikae na maji yaliyolala, na kuangalia mende chini ya sinki. Hakuna anayelipia safari hizo. Ninazibeba kwenye asilimia yangu.

Nieleze usiku mmoja wa mwaka juzi, kwenye nyumba nyingine niliyokuwa naitunza. Mama mmoja alishuka Kange na basi la mwisho, saa tano usiku, na watoto wawili, mdogo ana homa. Nimefungua mlango, taa zinawaka, kitanda kimetandikwa, bomba halitoi tone. Pampu ya kupandisha maji kwenye simtanki ilikuwa imeungua. Miezi miwili nyuma nilimwambia mwenye nyumba kwamba inapiga kelele ya kufa, akasema tusubiri mapato ya mwezi. Nilimpigia, simu haikupokelewa. Aliyetuokoa ni jirani wa ukuta wa pili, mzee wa makamo ya baba yangu. Nilibisha hodi usiku ule nikasema, "Shikamoo baba, nisamehe kwa saa hizi, nina mgeni na mtoto mgonjwa." Hakuuliza nyumba ni ya nani. Aliwaamsha vijana wake, wakatuletea ndoo sita, na mkewe akachemsha maji ya kumkandia mtoto. Yule mama alikaa siku nne, na baadaye alirudi na dada zake. Kwenye maandishi yake mtandaoni alimsifu jirani kuliko nyumba.

Mzee huyohuyo, mwezi wa nane uliofuata, alifiwa na mwanawe. Turubai lilifungwa barabarani, watu wamelala matanga. Nyumba ile ililipiwa usiku mmoja na kijana aliyesema watakuwa wawili. Saa tatu usiku walikuwa kumi na wanne, wana spika kubwa, muziki unaingia hadi chini ya turubai ambako watu wanasoma hitma. Nilipigiwa simu na mjumbe wetu. Nilifika nikiwa natetemeka. Vijana wenyewe, niwape haki yao, walipoambiwa kuna msiba walizima palepale, wawili wakatoka kwenda kutoa pole. Aliyenivunja moyo ni mwenye nyumba. Nilimpigia kumweleza kwamba nawaomba wageni waondoke na warudishiwe nusu ya pesa, akanijibu kwamba wamelipa niwaache, na kwamba majirani hawamlipii yeye mkopo. Kesho yake nilimrudishia funguo kwa basi.

Mhariri, watu wa mji huu tunajulikana kwa msemo wa waja leo waondoka leo. Wageni wanaweza kwenda wakaja, lakini yule mzee haondoki. Ukuta wake ndio ukuta wa nyumba ya wageni, choo chake kinapakana na bafu lao, wajukuu zake wanacheza kwenye mlango ule. Mwenye nyumba ambaye hajawahi kukaa kwenye kibaraza chake hata dakika tano ameweka milioni tisa za fenicha mahali asipopajua.

Ndiyo maana nasema nyumba ya namna hii inataka mtu. Awe mwenyewe, ndugu yake, au mtu wa kulipwa kama mimi, lakini awepo mtaani, afike kwa miguu au kwa bajaji ndani ya robo saa, na awe na ruhusa ya kutumia pesa kidogo bila kuomba. Siku hizi nakubali nyumba kwa sharti la shilingi 300,000 zinazokaa kwangu wakati wote kwa ajili ya pampu, kitasa na mtungi wa gesi. Asiyekubali sharti hilo simchukui.

Kuna jambo la sheria ambalo makala yenu iliruka. Nyumba ikipokea wageni kwa siku inafanya kazi ya nyumba ya wageni, hata kama getini hakuna kibao. Nina kitabu cha wageni katika kila nyumba: jina, namba ya kitambulisho au pasi ya kusafiria, anatoka wapi, anakwenda wapi, na kimeshakaguliwa mara mbili. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anajua nyumba zote nne na ana namba yangu. Kampuni inayomleta mhandisi itadai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, usipokuwa nayo anakwenda hotelini mwezi mzima. Nimeona wenzangu wakikimbia haya yote kwa kuogopa kodi, kisha wanapoteza wateja wale wanaokaa muda mrefu. Kwa halmashauri ya Jiji ombi langu ni moja: tukae nao, watupangie leseni inayolingana na nyumba ya vyumba viwili. Tuko tayari kulipa tukijua tunalipa nini na wapi.

La mwisho linanihusu na linaniuma. Nyumba ile ya usiku 141, kabla ya fenicha, ilikuwa na mwalimu na watoto wake watatu, mwaka wa sita. Alipewa notisi ya miezi miwili. Mimi ndiye niliyepeleka barua, kwa sababu nilikuwa nimeshapewa kazi ya kuitunza. Alihamia mbali, upande wa Pongwe, na watoto sasa wanapanda daladala mbili kufika shule waliyokuwa wakienda kwa miguu. Mwenye nyumba alikuwa na haki yake na notisi ilifuata mkataba. Lakini hesabu niliyoiandika hapo juu sikuifanya kabla ya kupeleka barua ile, na yeye hakuifanya. Tungeifanya, mwalimu angekuwa bado yuko pale na mwenye nyumba angekuwa na pesa nyingi zaidi mfukoni. Nimeshamwambia hivyo mwenye nyumba, mwezi uliopita, na amekubali kwamba masika ijayo ikipita vilevile atauza makochi na kuipangisha kwa mwaka. Nimemwomba aanze kwa kumuuliza mwalimu.

Kwa msomaji wenu aliyeko mbali na ameshanunua kiwanja au nyumba hapa kwetu, namwomba kitu kimoja kabla hajapiga picha za kuweka mtandaoni. Apande basi aje mwezi wa tano, mvua ikinyesha. Alale ndani ya nyumba yake siku tatu. Afue shuka moja aone inakauka lini. Awashe pampu usiku asikilize inavyolia. Na jioni ya kwanza, kabla hajala, abishe hodi ukuta wa pili, atoe salamu na aseme yeye ni nani.

Msomaji wenu,
Chumbageni, Tanga