Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii wa Zanzibar: pwani haiishii kwenye mchanga

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam aleikum.

Nakuandikia kutoka Paje, Kusini Unguja. Mama yangu ni mkulima wa mwani, na ameanza tangu zao hili lilipoingia huku kwetu mwaka 1989. Mimi nimesomeshwa kwa mwani, daftari mpaka sare, na bati za nyumba yetu zimetoka kwenye kamba hizo hizo. Upande wa pili, kaka yangu ni mpishi hotelini, na mwezi ambao hoteli haina wageni tunaujua kwenye chungu. Kwa hiyo naomba usinisome kama mtu asiyetaka utalii.

Kilichonikalisha chini kuandika ni jambo dogo. Bamvua iliyopita, zile siku maji yanapotoka mbali kabisa, mama alikuwa anapanda kutoka baharini, polo la mwani mbichi kichwani, maji yanamchuruzika mpaka kisiginoni. Njia anayopita tangu usichana wake inapita chini ya mti wa mkungu. Mkungu upo mpaka leo, ila sasa uko ndani ya ukuta wa hoteli moja na umezungushiwa vitaa. Mlinzi, kijana tu, alimwamkia kwa adabu: "Shikamoo mama." Kisha akamwambia hapapitwi tena, azunguke kule. Mama akaitikia marahaba, akageuka na mzigo wake. Jioni nilikwenda kuihesabu hiyo "kule": hatua mia nne na kitu, mikono mitupu, juu ya mchanga mlaini.

Kijana yule simlaumu, kaambiwa asimame pale na kasimama. Lililoniuma ni kwamba mama hakubisha. Zamani angebisha mpaka watu wajae.

Njia ile haikuibiwa usiku. Kama unavyojua, ardhi Zanzibar ni mali ya umma tangu baada ya Mapinduzi, kwa hiyo mtu haambiwi anauza kiwanja, anauza minazi. Mjomba wangu aliuza minazi yake ya pwani miaka ya tisini, kumi na mmoja. Alizunguka akaihesabu mara mbili asije akapunjwa hata mmoja, na mnunuzi naye akahesabu. Njia iliyokata katikati ya minazi haikuhesabiwa na yeyote, maana haikuwa ya mjomba wala ya mnunuzi. Ilikuwa ya kila mtu, na kwenye karatasi kitu cha kila mtu hakina mstari wake.

Ninachotaka kukueleza hasa ni hiki. Kwenye hotuba na vipeperushi vya utalii neno linalotajwa ni "fukwe". Fukwe nyeupe, fukwe tulivu. Sisi tunasema pwani, na neno lenyewe linajieleza: ni mahali panapopwa. Ufukwe ni ukanda wa mchanga ambao mgeni anatandika taulo. Pwani inaanzia hapo na kwenda mbali, huku kwetu karibu mpaka mwambani, na nusu ya siku imefunikwa na maji. Anayekuja Paje saa ya maji kujaa anaona bahari ya kijani na watu wanaocheza kaiti, yaani kuteleza juu ya maji kwa ubao unaovutwa na tiara, akaondoka anaamini ameiona. Maji yakitoka ndiyo linaonekana shamba: vijiti vimepangwa safu kwa safu, kamba zimewambwa, wanawake wameinama na kanga zao wamezikunja magotini. Upande mwingine kuna wanaochokoa pweza kwenye mashimo na watoto wanaookota kombe. Kila mmoja anajua vijiti vyake vinaishia wapi na vya jirani vinaanzia wapi, ingawa hakuna ukuta wala hati.

Na shamba hilo lina saa zake. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji hukauka mbali, na siku chache hizo ndizo za kufunga mbegu na kuvuna. Yakiwa maji mafu, yasiyotoka mbali, unakaa nyumbani, unaanika na kusubiri. Kwa hiyo mwanamke akirudishwa njiani siku ya bamvua, au akikuta safu zake zimeng'olewa, hawezi kusema atakuja kesho kutwa. Mwezi haumsubiri.

Upepo nao umetuletea wapangaji. Kusi na kaskazi zinavuma vizuri hapa, maji ni mafupi, mchanga ni laini, ndiyo maana Paje imejulikana duniani kwa kaiti. Maji hayo hayo mafupi ndiyo yanayofaa kulimia mwani. Kijiti cha mama kinaweza kumchana mguu mgeni, na ubao wa mgeni unaweza kukata kamba ya mama. Wanapogongana, anayeombwa asogee ni mama. Nimemsikia mtu akimwambia kwa upole kabisa kwamba vijiti vinaharibu mandhari. Mama aliniuliza mandhari ni nini. Nilimweleza, akacheka sana, akasema kumbe miaka yote hii alikuwa analima kwenye picha ya watu.

Sitaki kuubebesha utalii kila kitu. Kotoni, ule mwani wenye bei nzuri, uliponzwa na maji kuwa moto. Ulikuwa ukiota weupe na kukatika, na wengi wameuacha kwenye maji mafupi wakabaki na spinosumu, mwani wa bei ndogo, ambayo kilo yake kavu ni ya shilingi za kuhesabu. Wapo mabinti wa rika langu waliouacha kwa hiari yao na kwenda kufanya kazi za hoteli, na sioni ubaya wowote. Tofauti ni kati ya kuacha na kuachishwa.

Zanzibar tuko watu chini ya milioni mbili kwa sensa ya 2022, na mwaka 2024 tulipokea wageni zaidi ya laki saba. Idadi hiyo hutajwa kwa furaha, na nami naelewa furaha yake. Ila wageni hao hawagawanyiki visiwa vyote. Wanajazana Nungwi, Kendwa, Kiwengwa, Paje, Jambiani, penye mwamba wa matumbawe ambapo maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi. Ukivuta kwa pampu kubwa, chumvi inapanda. Mwaka 2012 utafiti wa taasisi ya Tourism Concern katika Nungwi, Kiwengwa na Jambiani uliona kaya moja inatumia wastani wa lita 93 kwa siku, na chumba kimoja cha hoteli lita 1,482. Tangu hapo vyumba vimeongezeka, na mwamba ni ule ule. Kisima cha nyuma ya nyumba yetu sasa tunafulia tu.

Mheshimiwa, ombi langu ni la miguu kuliko la karatasi. Kabla mradi wowote wa pwani haujapewa kibali, mpaka wake ukaguliwe maji yakiwa yametoka, siku ya bamvua, na wanaokagua wafuatane na sheha, kiongozi wa serikali hapa kijijini, pamoja na wanawake wenye vijiti pale. Kila njia ya kushukia baharini iandikwe kwenye ramani na upana wake, ili siku mtu akinunua minazi ajue kilicho katikati si chake. Na maeneo ya mwani yachorwe kama yanavyochorwa maeneo ya hoteli, wenye kaiti wajue wapi pa kuchezea na wapi pana shamba. Zile njia ambazo zimekwisha kuzibwa zihesabiwe pia. Wazee wanazijua zote, na wazee wanapungua.

Ukipata nafasi, njoo mwenyewe. Usije mchana saa za picha. Njoo asubuhi ya bamvua, maji yakitoka, bila msafara, na uvae viatu vya mpira kwa sababu mbele kidogo kuna miiba. Mama atakuonesha safu zake, na ukitaka atakufundisha kufunga mbegu. Mkimaliza mtapanda pamoja na polo lake, na nitakuomba upite naye chini ya mkungu.

Wako mtiifu,
Mtoto wa mkulima wa mwani, Paje