Kwanza njia, kichwa baadaye

Rau, Moshi

Mpendwa Baba Neema,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Huku hatujambo, mvua imetukumbuka na migomba imebeba. Barua yako shemeji aliifikisha salama, nami nimeisoma nikiwa bado nimesimama mlangoni. Unauliza ununue kichwa gani cha mvuke kwa ile treni ndogo ya bustani unayotaka kuiweka kwenye uwanja wako wa Ilboru. Kaka, hiyo hela iache itulie kwanza. Jenga njia, na njia yenyewe uipige pima maji mwanzo hadi mwisho.

Nakwambia hivi kwa sababu mvuke hauna tabia ya umeme. Treni ya umeme ikipanda unaiongezea, ikishuka unaipunguzia, wewe umekaa kwenye kiti. Kichwa kidogo cha mvuke kisicho na rimoti unakifungulia mvuke kwa mkono, unakiachia, basi. Kikikuta mwinuko kinachoka na kusimama. Kikifaulu kuvuka kilele, mvuke uleule uliokuwa hautoshi sasa unakuwa mwingi mno; kinashuka mbio, kinafika kwenye kona na kulala ubavu huku moto unawaka tumboni. Wazoefu wengi hawapendi mwinuko uzidi sentimita 2 kwa kila mita, lakini kwa kichwa kinachojiendea chenyewe mimi naona hata hizo 2 ni nyingi. Weka sifuri.

Utaniambia Ilboru hakuna pa tambarare. Ndiyo, na mimi naupenda uwanja wako kwa sababu hiyohiyo. Upande wa juu reli italala karibu na majani, upande wa chini itakuja kiunoni, na hapo ndipo pa kuwashia. Utajaza maji na gesi umesimama wima, geji ya shinikizo la mvuke iko mbele ya macho yako, hakuna kupiga magoti kwenye tope. Nguzo usiweke za mti, mchwa wa kwetu unawajua. Chukua mabomba ya plastiki, yasimamishe kwenye mashimo, tia nondo katikati, jaza zege. Juu yake laza ukanda wa zege mwembamba. Kule chini kwenye majani tumia kokoto ndogo kabisa, uzichanganye na saruji kavu kidogo kisha uzinyunyizie maji, maana kuku wa Mama Neema watazichakura zote kabla ya jua kuzama.

Reli nazo zisibanwe kwenye kila taruma, vile vipande vinavyolala chini yake kukingama. Jua la Januari likizipata, mita 10 za reli ya shaba njano zikiongezeka joto nyuzi 30 zinarefuka karibu milimita 6. Zisipopata pa kwenda zitajikunja. Acha nafasi ndogo kwenye viungio, na ukanda uwe mpana kiasi cha kuziruhusu zicheze.

Kuhusu upana wa njia, yaani kutoka reli hadi reli, chagua milimita 45 bila kusita. Wajerumani wa LGB walipoanza kuuza treni zao za bustani mwaka 1968 walitumia upana huo kwa kipimo cha 1 kwa 22.5, yaani milimita 1 ya treni ndogo ni milimita 22.5 za treni halisi. Zidisha mwenyewe: inatoka mita moja na kidogo. Upana wa reli yetu ya huku ni mita moja! Ile iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika hapa Moshi 1911, na kwenu Arusha 1929, ndiyo utakayoiweka uani kwa kipimo chake halisi, hakuna cha kukisia. Upo pia upana wa milimita 32, unaofaa zaidi kwa vitreni vya mashamba kama vile vilivyobeba mkonge Tanga. Ni vizuri sana, ila wewe na mimi tumekulia kando ya njia kuu.

Najua moyo wako uko kwenye Garratt za daraja la 59, vile vichwa vikubwa vya mvuke vya reli ya Afrika Mashariki. Wangu pia uko huko. Manchester walitengeneza 34, mwaka 1955 na 1956, kiwandani kwa Beyer Peacock, kila moja ikiwa na uzito wa tani 250 hivi, na wakazipa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Ukipita makumbusho ya reli Nairobi utaiona 5918, Mount Gelai, jina la mlima ule wetu wa karibu na Ziwa Natron. Sasa sikiliza: ile ina urefu wa karibu mita 32. Kwa kipimo chetu inakuwa mita 1 na sentimita 40, kichwa peke yake, hata behewa halijafungwa. Inataka kona pana ambazo ua wako hauna. Anza na kichwa kifupi cha magurudumu manne au sita, kona uzipe nusukipenyo ya mita moja na nusu, na vibehewa vya mizigo vitatu vinne. Kitavuta kwa raha na wewe utajifunza.

Kitakapofika, jambo la kwanza ni boila, lile tangi la kuchemshia maji. Iwe ya shaba nyekundu, iliyoungwa kwa lehemu ya fedha, na iwe imeshapimwa kwa shinikizo la maji. Lehemu ya risasi ya fundi redio usiikubali kabisa. Hiyo inayeyuka kwenye nyuzi 180 na kitu, na boila ikiishiwa maji moto ukiwaka, joto hilo halina mbali. Lehemu ya fedha huyeyuka juu ya nyuzi 600.

Maji tumia ya mvua. Ya bombani yana madini yanayojenga gamba ndani, na gamba ukishalipata hulitoi kirahisi. Acha mvua ya kwanza ioshe mabati, ndipo ukinge, uchuje kwa kitambaa safi.

Kuwasha kuna mpangilio wake, na mimi ndipo ninapopapenda kuliko hata mwendo wenyewe. Unaanza na mafuta ya silinda, yaani ya kulainisha zile silinda ambamo mvuke unasukuma pistoni, mazito kama asali, kwenye kikopo chake. Halafu maji, unajaza hadi juu, kisha unafyonza kidogo kwa bomba la sindano ili mvuke upate nafasi. Gesi mwisho. Gesi ni ile ya makopo ya kujazia viberiti. Ya mtungi wa jikoni usithubutu, shinikizo lake ni kubwa kuliko tangi dogo linavyoweza. Jaza vyote viwili kila mara, kwa sababu tangi la gesi limepimwa liishe kabla ya maji. Fungua gesi taratibu, weka njiti juu ya bomba la moshi, utasikia "pwaa!" na moto unashuka wenyewe ndani. Baada ya hapo ni mngurumo mwembamba tu. Dakika chache zikipita mshale wa geji unatikisika, unapanda, na karibu na bar 2.7 valvu ya usalama inapumua. Ndani humo maji yameshafika nyuzi 140 hivi, kwa hiyo watoto wakae nyuma.

Usikimbilie kufungua mvuke wote. Silinda bado ni baridi, mvuke ukiingia unageuka maji. Kisukume kwa mkono mbele na nyuma, kitatema maji ya moto yenye mafuta kupitia bomba la moshi, usiliinamie. Kikishamaliza kutema kinaondoka chenyewe. Kila gurudumu likizunguka mara moja unasikia mapigo manne, mawili ya kila silinda. Mzee jirani yetu, aliyefanya kazi reli enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, anakaa kwenye benchi amefumba macho akiyahesabu. Siku moja akaniambia, "Huyu anachechemea mguu wa kulia." Nilipofungua upande huo, skrubu ya valvu ilikuwa imelegea.

Mafuta yale ya silinda nayo yana ujanja wake. Mvuke unaingia kikoponi, unapoa na kuwa maji, maji yanazama na kuyainua mafuta hadi kwenye bomba la silinda. Ukimaliza safari, fyonza yale maji. Ukikuta mafuta bado yamejaa, ujue silinda zimekwenda kavu.

Ukitaka kuona mvuke kwa macho, amka mapema mwezi wa 7, kabla jua halijapasha. Mchana wa joto utausikia tu, hewa inaumeza. Lakini asubuhi ya baridi wingu jeupe linatanda juu ya mabehewa yote, linabaki kwenye migomba treni imeshapita. Huko kwenu juu, kwenye ubaridi kuliko huku, nadhani litapendeza zaidi, na nina hamu kubwa ya kuliona.

Nitakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi kwa basi la asubuhi. Tafuta kamba ya mwashi, vigingi, na ule mpira mwembamba wa maji ambao mafundi wanautumia kupimia usawa. Pima maji yangu nitakuja nayo. Mashimo usichimbe mpaka nifike, tukubaliane kwanza kona ya kule kwenye mparachichi, maana majani yake yakidondoka relini ni kazi ya kila siku.

Msalimie sana Mama Neema na watoto.

Wako,
Baba Upendo