Mgonjwa wa kiharusi afuatwe nyumbani na muuguzi wa utengamao

Mhariri,

Mgonjwa wa kiharusi akiruhusiwa, familia hukabidhiwa dawa za presha, tarehe ya kliniki na agizo la kumfanyisha mazoezi. Ashikwe wapi, ageuzwe vipi, mara nyingi hakuna aliyeonyesha. Hiyo ni kazi ya muuguzi wa utengamao, yaani anayemsaidia mgonjwa kurejesha uwezo wake baada ya ugonjwa, na huifanya vizuri zaidi nyumbani, penye kitanda kilekile na watu walewale watakaomhudumia.

Bega ndilo huumia mapema. Misuli inayolishikilia upande uliopooza imelegea, hivyo ukimvuta mgonjwa mkono au kumnyanyua kwa makwapa, mfupa hushuka kwenye kiungo na maumivu yanaweza kudumu miezi. Kiti kiwekwe upande wenye nguvu, nyayo zikanyage sakafu, kanga ifungwe imara kiunoni. Mgonjwa ainame mbele kwanza, ndipo msaidizi amwinue kwa kushika ile kanga.

Kukanda kwa maji ya moto kunatutia hofu zaidi. Upande uliopooza huenda hauhisi joto: mgonjwa anaulizwa, anajibu yako sawa, kumbe anaungua. Na kukanda hakurudishi nguvu. Kinachosaidia ni kurudia mwendo, mgonjwa mwenyewe akijitahidi kadiri awezavyo, kila siku.

Kwenye chakula, kosa kubwa ni kumlisha akiwa amelala. Akae wima, apewe kidogo kidogo kwa kijiko cha chai, abaki wima nusu saa baada ya kula, na shavu lililopooza likaguliwe kwa mabaki. Akikohoa au sauti ikawa kama ina maji kooni, acheni kumlisha, mrudisheni hospitali apimwe umezaji. Wapo wanaopaliwa bila kukohoa hata kidogo. Kwao dalili ya kwanza huwa homa na kupumua kwa shida, tayari nimonia.

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku pia, asipate vidonda vya kulalia. Mto uwekwe chini ya vigimbi ili visigino visiguse godoro. Mafunzo mengi husema tafuta wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi: pitisha kiganja kwenye nyonga, mfupa wa mkia chini ya mgongo na visigino, utafute palipo na joto, pagumu au peusi kuliko pembeni. Hapo pasisuguliwe kwa mafuta, maana nyama ya chini imeshaanza kuumia. Mgonjwa asipalalie tena mpaka papone.

Tunaomba hospitali zipange ziara ya kwanza ndani ya wiki moja baada ya mgonjwa kutoka, na muuguzi awafundishe pia wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa huo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inapoendelea kutekelezwa, ziara hizo zilipiwe kama yanavyolipiwa matibabu ya wodini.

Wauguzi wa huduma za nyumbani,
Dar es Salaam