Kabla hujaipeleka hati ya Ngamiani

Kibaha, Pwani
11 Machi 2025

Mpendwa Mwanaidi,

Salaam nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Natumaini saumu inakwenda vyema. Sisi huku tumo kwenye Kwaresima, kwa hiyo mwaka huu tunafunga pamoja kama tulivyokuwa tukifunga bwenini. Sote hatujambo, na Neema ameanza kidato cha kwanza. Mengine nayaacha kwa leo, kwa sababu ujumbe wako wa sauti wa Jumapili nimeusikiliza mara nne, na usiku wa kuamkia leo sikupata usingizi wa maana.

Umesema ofisa mikopo amekwambia kwamba kiwanja chako cha Nzuguni hapo Dodoma, pamoja na msingi na jamvi la zege ulilokwisha kumwaga, havitoshi kuwa dhamana ya mkopo wa shilingi milioni 40 wa kumalizia nyumba yako, na kwamba njia nyepesi ni kuongeza hati ya nyumba ya marehemu mzee wako pale Ngamiani, Tanga. Umesema pia kwamba Mama yako amekwisha kukubali. Ndugu yangu, nakuomba hati hiyo isitoke kabatini kabla hujaisoma barua hii hadi mwisho. Siyasemi haya kwa kuogopa mikopo. Nyumba ninayolala imepauliwa kwa fedha za benki, na bila fedha hizo tungekuwa bado tunapanga kwa Mzee Chuwa. Nayasema kwa sababu pengo lililokupata wewe, kati ya fedha unazohitaji na thamani anayoiona mthamini, yule anayeipimia benki thamani ya mali, lilinipata na mimi, na nililiziba kwa njia mbaya ambayo sikuwahi kukueleza yote.

Unalikumbuka lile daftari langu la jalada gumu ambalo Baba Neema alikuwa akiandika kila tripu ya mchanga na kila mfuko wa saruji? Tulipofikisha kuta kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, jumla katika daftari hilo ilikuwa shilingi milioni 62, milioni 9 zikiwa za kiwanja. Nilikwenda benki nikiwa na uhakika kwamba mtu aliyekwisha kutumia milioni 62 hawezi kunyimwa 40. Mthamini akaja siku ya Jumatano asubuhi, kijana mpole mwenye viatu vya mvua, akaomba kwanza aoneshwe bikoni, yale mawe ya mipaka ya kiwanja. Tatu tulizipata, ya nne tukaitafuta nusu saa nzima kwenye nyasi. Akapima nje na ndani, akapiga picha ukuta mmoja baada ya mwingine, akapiga na picha ya barabara, ambayo siku hiyo ilikuwa na dimbwi la maji lililoizuia hata bodaboda. Mwisho akasimama mahali ambapo leo ni sebule yangu, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mama, ikilazimu nyumba hii iuzwe ndani ya miezi mitatu, mnunuzi atakuwa nani?" Sikuwa na jibu. Nyumba ile nilikuwa naijengea watoto wangu, na neno la mnunuzi lilikuwa halijawahi kunipitia akilini.

Ripoti ilipotoka, thamani ya soko ilikuwa shilingi milioni 48, na thamani ya kuuzwa kwa haraka, yaani ile inayotazamiwa kupatikana mali ikilazimika kuuzwa kwa muda mfupi, ilikuwa milioni 33 na laki 6. Benki ile ilikuwa ikikopesha asilimia 80 ya hiyo ya pili. Kwa hiyo mimi niliyehitaji milioni 40 niliandikiwa milioni 26 na laki 8.

Nililia, Mwanaidi, na nikamchukia yule kijana bila haki. Baadaye nilikaa na lile daftari, nikaona milioni 14 zilikokwenda. Eneo letu ni la mteremko, kwa hiyo kuna kifusi kingi kilichozama chini ya jamvi ambacho hakuna mnunuzi atakayekiona wala kukilipia. Kuna ukuta wa upande wa jikoni ambao fundi wa kwanza aliupandisha ukiwa umepinda, wa pili akaubomoa na kuujenga upya. Kuna mifuko ya saruji iliyoganda stoo wakati wa masika. Kuna mshahara wa mlinzi, nauli, na chakula cha mafundi. Yote hayo tuliyalipa kwa jasho letu, lakini mthamini hapimi jasho. Anahesabu mita za mraba za jengo alilolikuta, anaangalia jengo la hatua hiyo lingegharimu kiasi gani kujengwa leo na fundi wa kawaida, anaondoa uchakavu na kasoro, kisha anaongeza bei ya kiwanja kwa kutazama viwanja vya jirani vilivyouzwa kweli. Jengo ambalo halijapauliwa lina wanunuzi wachache, na hilo nalo analiweka kwenye hesabu.

Ndiyo maana nasema ofisa wako hajakudanganya kuhusu Nzuguni. Msingi na jamvi ni fedha nyingi mfukoni mwako, lakini sokoni ni kitu kidogo sana. Jambo moja lakini hujanieleza, nalo ni kama hesabu hiyo ameifanya mthamini au ameikisia ofisa mwenyewe akiwa mezani. Tangu sheria ya uthamini ya mwaka 2016, mthamini lazima awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini, na ripoti inayopelekwa benki huidhinishwa na ofisi ya Mthamini Mkuu wa Serikali. Kama hakuna ripoti, basi hakuna thamani bado, kuna makisio tu, na makisio hayapaswi kuitoa nyumba ya marehemu mzee kwenye kabati la Mama. Kumbuka pia kwamba gharama ya uthamini unailipa wewe, hata mkopo ukikataliwa, kwa hiyo una haki ya kuomba nakala na kuisoma ukurasa kwa ukurasa. Mimi niliipata ya kwangu baada ya kuiomba mara mbili, na humo ndimo nilimoona kwamba walikuwa wameandika vyumba viwili badala ya vitatu. Walirekebisha.

Sasa nikueleze jinsi nilivyoziba pengo langu. Milioni 10 nilizichukua kwa wakopeshaji ambao hawakuuliza hati, walitaka kadi ya gari ya Baba Neema tu. Riba yao ilikuwa asilimia 2 kwa mwezi, ikihesabiwa kwa milioni 10 zote tangu mwezi wa kwanza hadi wa thelathini na sita, hata pale nilipokuwa nimebakiza deni la milioni 1. Nilirudisha milioni 17 na laki 2. Kiasi kilekile, kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka inayohesabiwa kwa deni lililobaki tu, kingenidai riba isiyofika milioni 3 kwa miaka hiyo mitatu. Miaka yote ile ulipokuwa ukiniuliza kwa nini sionekani kwenye harusi na misiba ya Tanga, jibu lilikuwa hilo, na niliona aibu kulisema.

Hata hivyo, deni lile lingenishinda, ingeondoka gari. Wewe unataka kuweka nyumba ya Ngamiani. Nyumba ile naijua mlango kwa mlango. Ndipo nilipokula futari kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikiwa na miaka tisa, mgeni wa dini nyingine ambaye Mama alimkatia mkate wa ufuta mkubwa kuliko wa watoto wake. Barazani pale ndipo anapouzia vitumbua hadi leo, na chumba cha uani ndiko anakolala Kaka Mbwana na mkewe. Ukiiweka rehani na mambo yakaharibika, benki hutoa notisi ya siku 60, na muda huo ukipita inaweza kuiuza kwa mnada bila kulazimika kufungua kesi kwanza. Siku hiyo wewe utakuwa Dodoma. Watakaosimama barazani wakimtazama dalali ni Mama na Mbwana.

Tena hati hiyo bado inasomeka jina la mzee, au nimekosea? Kama ndivyo, ridhaa ya Mama peke yake haitoshi. Lazima awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, naye anaishika mali kwa niaba ya warithi wote, si kwa ajili ya mmoja wao. Mbwana ameambiwa? Mdogo wenu wa Muscat je? Na kwa upande wako mwenyewe, nyumba ya Nzuguni itakuwa makazi ya ndoa, kwa hiyo shemeji atatakiwa kutia saini ya ridhaa. Sheria ya Ardhi inataka hivyo. Umesema hujamweleza kwa sababu yuko safarini. Mweleze kwa simu leo, baada ya futari, kabla hajasikia kwa mtu mwingine.

Nilifanya pia hesabu ya milioni 40 unazozitaka, kwa asilimia 17 uliyoniambia na miaka 15. Marejesho ni kama shilingi 615,600 kila mwezi. Katika marejesho ya mwezi wa kwanza, shilingi 566,667 ni riba, na kinachopunguza deni ni kama shilingi 49,000 tu. Hadi mwisho utakuwa umelipa karibu milioni 111. Ukiweza kulipa kwa miaka 10, marejesho yanapanda hadi kama shilingi 695,000, lakini jumla inashuka hadi milioni 83 na ushee. Hizo elfu themanini za kila mwezi zinakuokolea zaidi ya milioni 27. Najua mshahara wako bado unakatwa asilimia 15 ya bodi ya mikopo ya elimu ya juu, juu ya kodi, bima na mfuko wa hifadhi ya jamii, na mwajiri atataka ubakiwe na theluthi moja ya mshahara wa msingi. Je, baada ya yote hayo marejesho haya yanaingia kweli, au yanaingia kwa kuhesabu posho za safari?

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia mapema ni kwamba fedha za ujenzi hazitoki zote siku moja. Benki hutoa kwa awamu, na kabla ya kila awamu mkaguzi huja kuthibitisha kwamba iliyotangulia imeonekana kwenye jengo. Uzuri wake ni kwamba riba inahesabiwa kwa kile ulichokwisha kuchukua. Ugumu wake ni kwamba mafundi wanangoja wewe, nawe unangoja mkaguzi, huku kodi ya nyumba unayopanga inaendelea. Mimi niliwaita mafundi wa kupaua siku niliyosaini mkataba. Fedha zilitoka wiki saba baadaye, kwa sababu usajili wa rehani kwa Msajili wa Hati ulikuwa haujakamilika, na mbao nilizokwisha kuzinunua zilipindia mvuani. Kwa hiyo usimpe fundi wako tarehe yoyote sasa, hata akikuambia ana kazi nyingine inayomngoja.

Ningekuwa wewe, ningefanya hivi. Ningeiacha ramani ya vyumba vinne ibaki karatasini kwa sasa, nimwombe aliyeichora aigawe ili upande wa vyumba viwili, jiko na choo ukamilike peke yake na uweze kuhamia. Ningempata mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa anitolee mchanganuo wa gharama za upande huo tu, kwa sababu benki itautaka na wewe utauhitaji zaidi kuliko benki. Kuta ningezipandisha polepole kwa akiba na kwa mchezo wetu wa kupokezana fedha, hadi kwenye lenta, ndipo nimwite mthamini. Kwa thamani hiyo ningeomba kile ambacho Nzuguni yenyewe inaweza kukibeba, hata kama ni milioni 15 au 18, kwa ajili ya bati na milango. Nyumba ikishapauliwa na umeme ukiingia, itathaminiwa upya kwa bei nyingine, na vyumba viwili vilivyobaki vitapata fedha zake bila mtu yeyote wa Tanga kuguswa. Najua itachukua miaka miwili zaidi, na najua umechoka na kaya nzima kupishana bafu moja. Nami nilichoka hivyohivyo.

Naomba unijibu haya, hata kwa ujumbe mfupi. Ripoti ya mthamini ipo au haipo? Ulichonacho cha Nzuguni ni hati kamili, au bado ni barua ya toleo, ile inayotangulia hati? Kibali cha ujenzi umeshakipata? Riba hiyo ya asilimia 17 inahesabiwa kwa deni linalopungua, na je, mkataba unairuhusu benki kuipandisha? Ada ya kuchakata mkopo na bima umeziweka kwenye hesabu, au zitakatwa humohumo kwenye milioni 40? Mama alipokubali, alielezwa kwamba nyumba inaweza kuuzwa, au aliambiwa tu kwamba hati itatunzwa benki? Na umeshasaini chochote?

Kama bado, nipigie picha kila karatasi waliyokupa unitumie. Alhamisi sina vipindi mchana, nitazisoma zote, na jioni Baba Neema atampelekea Wakili Shayo, ambaye amekubali kuziangalia bila malipo. Ijumaa nitakupigia kabla ya magharibi. Nisalimie Mama utakapozungumza naye, lakini habari ya barua hii usimwambie kwanza.

Wako akupendaye,
Mama Neema